Gari Lililopumzika: Uhakiki wa Kitini cha Maswali 60 ya Mchapuko

Jumamosi kadhaa zilizopita nilikuwa barazani kwenye nyumba moja hapa Njoro, Moshi, na madogo watano wa kidato cha pili. Tulikuwa na ubao mdogo, chaki mbili, na kitini cha fotokopi ambacho kila mmoja alikuwa amekinunua steshenari. Mada: mwendo kwenye mstari mnyoofu. Kitini kina maswali 60 na majibu nyuma, na karibu nusu ya maswali hayo yanaanza kwa maneno yale yale ya Kiingereza: "A car starts from rest". Gari, treni, pikipiki, ndege, jiwe, vyote vinaanza "from rest".

Dogo mmoja (nitamwita Dogo tu, wenyewe mtajuana) akasoma swali la kwanza kwa sauti, akalitafsiri kwa ajili ya wenzake: "Gari linaanza kutoka kupumzika." Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, bila utani wowote usoni, "Madam, kwani hilo gari lilikuwa limechoka?"

Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Nikamwambia, "Maana yake u ni sifuri. Andika u ni sifuri, twende." Akaandika. Baada ya dakika kama tano hivi akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Sasa madam, kama limesimama, si mchapuko nao ni sifuri?" Nikasema hilo tutalirudia baadaye. Hatukulirudia. Jumamosi iliyofuata hakuja, na rafiki yake akanipa habari: ameamua akifika kidato cha tatu anaachana na fizikia, anaenda sanaa.

Sina ugomvi na sanaa. Lakini mtoto aliyeuliza swali la pili vile hakupaswa kuondoka kwa sababu ya swali la kwanza. Kwa hiyo nimekaa na kile kitini jioni tatu, nikakisoma mwanzo hadi mwisho kama mtu anavyosoma riwaya anayotakiwa kuihakiki. Huu ndio uhakiki wenyewe. Jina la mtungaji silitaji, kwa kuwa kwa kweli vitini vya namna hii viko kila mji na vinafanana kama mapacha.

Nianze na haki yake. Majibu yako sahihi. Nimeyapiga yote 60 na nimekuta kosa moja tu la kuandika. Vizio vimeandikwa kila mahali, na kuna maswali ya kubadili kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, kitu ambacho hata sisi wa shahada ya pili huwa tunachemka. Mwanafunzi akiyafanya yote kwa mkono wake, pepa ya taifa haitamtisha. Mtu aliyekiandaa amefundisha, anajua watoto wanakosea wapi kwenye hesabu. Tatizo langu ni kile ambacho watoto wanabaki nacho kichwani wakimaliza.

Tuanze na lugha, maana ndiko Dogo alikokwama. Huyu mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Sayansi ya msingi ameisoma kwa Kiswahili. Amefika sekondari, fizikia imegeuka Kiingereza, na Kiingereza chenyewe anachokijua ni kile cha salamu na "my name is". Neno "rest" analijua vizuri sana: ni kupumzika, ni kulala mchana, ni kile wanachoandikiwa wagonjwa hospitali. Hajakosea tafsiri hata kidogo. Kilichomkosea ni kitini, ambacho kimetumia maneno hayo mara zaidi ya 25 bila kutenga mstari mmoja wa kusema: hapa tunamaanisha chombo kimetulia tuli, kasi yake ni sifuri pale saa inapoanza kuhesabu. Mstari mmoja tu! Waandishi wa Kiswahili cha sayansi walishatupa "tuli", neno zuri na fupi. "Gari linaanza kutoka tuli." Hakuna atakayeuliza kama limechoka.

(Kwa mlio Dar: najua "mwendokasi" kwenu ni basi. Ndiyo maana hapa nitatumia "kasi" tu, na "mchapuko" kwa kule kubadilika kwa kasi kila sekunde. Tunaongelea mwendo wa mstari mmoja, upande mmoja, kwa hiyo suala la mwelekeo halitatusumbua.)

Sasa njoo kwenye swali la pili la Dogo, lile nililolikimbia. Kama limesimama, mchapuko si sifuri? Nimelifikiria sana, na nakiri kwamba ni swali zito kuliko maswali yote 60 ya kitini. Watu wazima wenye shahada hulikosea likivaa nguo nyingine: mpira uliorushwa juu, pale kileleni ambapo umesimama kwa kufumba na kufumbua, una mchapuko gani? Wengi husema sifuri. Siyo. Una ule ule wa karibu 9.8 kuelekea chini, kama ulivyokuwa nao wakati wa kupanda na utakavyokuwa nao wakati wa kushuka.

Kwa wakazi wa mlimani kuna mfano ambao hauhitaji mpira. Lori limeegeshwa kwenye mteremko, breki ya mkono haiaminiki, utingo ameshuka haraka akaweka jiwe chini ya tairi. Kila mtoto wa huku ameona hilo. Sasa jiwe liondoe. Pale jiwe linapotoka, kabla ya kitu chochote, kasi ya lori ni sifuri. Je, mchapuko nao ni sifuri? Ungekuwa sifuri, basi kasi isingebadilika, ingebaki sifuri sekunde inayofuata na inayofuata, na lori lingekaa pale pale hadi Krismasi. Jiwe lingekuwa halina kazi. Utingo anajua kwamba jiwe lina kazi. Kwa hiyo kuanza kutoka tuli maana yake ni kwamba kasi ni sifuri lakini kuna kitu tayari kinaisukuma isibaki sifuri. "Kupumzika" ndiyo hali ya lori likiwa na jiwe chini ya tairi. "Kuanza kutoka tuli" ni hali ya lori jiwe likishatolewa. Kwa macho, katika ile nukta ya kwanza, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Kifizikia ni vitu viwili tofauti, na Dogo alikuwa ameshika mlango wa tofauti hiyo kwa mkono wake mwenyewe wakati mimi nasema "twende".

Kuna historia ya karibu hapa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Tanga, alikuwa anatengeneza ice cream na wenzake. Akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipouliza, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule, na wenzake darasani wakamcheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar alitaka swali lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 majina yao wawili yakatoka pamoja kwenye jarida la Physics Education, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu tu ya Moshi. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo lenyewe, lini linatokea na kwa nini. Mimi nilichokikumbuka baada ya ile Jumamosi ni kile kicheko cha darasani, kwa sababu safari hii kilikuwa changu.

Turudi kwenye kitini. Ukurasa wa kwanza una boksi lenye kanuni tatu: v = at, s = ½at², v² = 2as, na chini yake maneno ya kumhimiza mwanafunzi azikariri. Zinatoka wapi, hakuna. Grafu moja hakuna katika kurasa zote. Matokeo yake yanaonekana kwenye swali la 7: gari linaanza kutoka tuli, linakwenda mita 100 kwa sekunde 10, tafuta kasi ya mwisho. Madogo watatu kati ya watano waliandika 10. Mita 100 gawanya kwa sekunde 10, kazi imeisha. Jibu la kitini ni 20. Wakafuta, wakaandika 20, tukaendelea mbele.

Hapa ndipo kitini kilipaswa kusimama na kukaa chini kabisa. Ile 10 si takataka; ni wastani wa kasi. Gari limeanza na sifuri na kasi yake imepanda sawasawa, bila kuruka wala kusita. Kitu kinachopanda sawasawa kutoka sifuri, wastani wake ni nusu ya kilele. Kama wastani ni 10, kilele ni 20. Basi. Wasomi wa Merton pale Oxford walilijua hili karne ya 14, miaka mingi kabla hajazaliwa Galileo, na hawakuwa na kanuni yenye herufi hata moja. Chora mstari ulioinama kutoka sifuri hadi 20, urefu wa chini sekunde 10: umepata pembetatu, na eneo lake ni nusu ya 10 mara 20, yaani 100. Ile "½" ya kwenye kanuni, ambayo watoto wanaisahau kila mtihani, ni nusu ya pembetatu tu. Haikuanguka kutoka mbinguni.

Na kuna utamu mwingine wameuacha. Kwenye swali hilo hilo mchapuko ni 2. Hesabu gari linakwenda mita ngapi katika kila sekunde peke yake: sekunde ya kwanza mita 1, ya pili mita 3, ya tatu 5, ya nne 7, hadi ya kumi mita 19. Namba witiri kwa mpangilio. Zijumlishe: 1, kisha 4, 9, 16, 25, hadi 100. Galileo aliliona hilo na akalichapisha mwaka 1638. Mwanafunzi ambaye ameziona witiri zikijipanga hivyo kwa macho yake hawezi tena kuandika 10 kama kasi ya mwisho, kwa sababu sekunde ya mwisho peke yake imekula mita 19.

Sasa namba zenyewe. Swali la 23: treni inaondoka kituoni kutoka tuli kwa mchapuko wa mita 4 kwa sekunde kwa sekunde, kwa muda wa sekunde 30. Kasi ya mwisho? 120. Ukibadilisha, ni kilomita 432 kwa saa. Jamani. Treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024 imejengewa kasi ya hadi 160. Na ile ya reli ya zamani, iliyorudi kuleta abiria hapa Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, tuiheshimu tu, tusiitaje kwenye sentensi moja na 432. Mtoto aliyepata 120 akapewa tiki amefundishwa kwamba jibu likishatoka kwenye kalkuleta halihitaji tena kutazamwa. Huko kazini, hiyo ndiyo tabia inayoangusha majengo.

Lakini swali lililonikera kuliko yote ni la 41, kwa sababu limetuhusisha sisi. "Jiwe linaangushwa kutoka kilele cha mlima Kilimanjaro, urefu mita 5,895. Litachukua muda gani kufika chini? Tumia g = 10." Jibu: sekunde 34.3. Naelewa nia ya mtungaji. Alitaka kutoka kwenye "car" na "train" za vitabu vya Uingereza, alete kitu cha nyumbani. Ila amechukua jina la mlima akaliacha mlima wenyewe. Huo mlima upo! Asubuhi mawingu yakiwa hayajashuka, Kibo unauona ukiwa hapa Njoro, na kila anayeuona anajua kwamba si ukuta, ni mteremko. Kutoka hapa mjini hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari wa ndege. Ukiangusha jiwe pale juu litaanguka kwenye miguu yako. Pia hizo mita 5,895 zimepimwa kutoka usawa wa bahari, na mji wa Moshi wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Kwa hiyo hilo jiwe "likifika chini" limeshatoboa mji na kuendelea hadi kiwango cha Tanga.

Tuseme tunasamehe hayo yote, tunachimba shimo la kufikirika. Kwa kanuni ya kitini jiwe lingefika na kasi ya mita 343 kwa sekunde. Hiyo, kwa bahati mbaya ya kuchekesha, ni karibu kabisa kasi ya sauti hewani. Jiwe la ukubwa wa ngumi halifiki huko. Hewa inalikaba mapema, na likishafika kwenye makumi kadhaa ya mita kwa sekunde linaacha kuongeza kasi kabisa. Yaani sehemu kubwa ya safari hiyo mchapuko ungekuwa sifuri, na kanuni yenye "½at²" isingekuwa na ruhusa ya kutumika. Kitini hakisemi popote, katika maswali 60, kwamba kanuni hizi zina ruhusa na zina katazo. Neno "uniformly" linatajwa kila swali kama salamu. Hakuna swali hata moja linalouliza: je, hapa mchapuko ni sawasawa kweli? Bodaboda anayetoka tuli akibadili gia, kila gia inampa mchapuko wake, na katikati ya gia anapoa kidogo. Daladala inayopanda Marangu ndiyo kabisa. Kumuuliza mtoto swali hilo hakuhitaji maabara wala hela.

Mtaniambia: madam, kulalamika ni rahisi, lete lako. Haya.

Nilimtafuta Dogo. Sikwenda kumwombea arudi fizikia. Nilikwenda kumwambia kwamba lile swali lake sikulijibu kwa sababu sikuwa na jibu zuri pale pale, na hilo lilikuwa kosa langu. Nilibeba bomba la plastiki la maji la mita 2 lililopasuliwa katikati kwa urefu, likawa kama mfereji, pamoja na gololi, kopo tupu la maziwa na selotepu. Upande mmoja wa bomba tukauinua sentimita 6 kwa madaftari. Galileo alifanya jambo la aina hii kwa sababu hakuwa na saa ya kupima kitu kinachoanguka wima, kwa hiyo aliupoza muanguko kwa kuulaza kwenye mteremko, akapima muda kwa maji yanayochuruzika, akiyapima uzito. Sisi tuna simu, lakini jaribio la kwanza hatukutumia hata simu. Tulitumia masikio.

Tulibandika vikaratasi vinavyoning'inia ndani ya mfereji, gololi ikipita inavigonga: tak. Kwanza kwa nafasi sawa, sentimita 50, 100 na 150, na kopo mwishoni kwenye 200. Gololi ikaachiwa, si kusukumwa, kuachiwa tu. Kimya kirefu... tak... tak, tak, ting. Milio inakimbizana. Kisha tukavihamisha: sentimita 12 na nusu, 50, 112 na nusu, na kopo pale pale kwenye 200. Yaani moja, nne, tisa, kumi na sita. Tukaachia tena. Tak, tak, tak, ting, kwa mapigo yaliyopangana kama mtu anayepiga makofi kwaya. Dogo akairudia mara nane. Mara ya tano hivi akasema, mwenyewe, bila kuulizwa, "Kwa hiyo kile kikaratasi cha kwanza kiko karibu sana kwa sababu ndiyo kwanza inatoka tuli." Neno "tuli" alilipata kwangu, lakini "kwa sababu" ni yake.

Kwa simu tulipata kama sekunde 4 na nusu kwa mita 2, mchapuko wa karibu 0.2. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Halafu tukafanya lori. Hili ndilo swali ambalo ningeliweka mahali pa lile la 41. Lori liko tuli kwenye mteremko unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100 za barabara. Jiwe linatoka, breki hakuna. Uvutano peke yake ungelipa mchapuko wa karibu 0.6, tutoe kidogo kwa ukinzani wa matairi na mengineyo, tuseme inabaki 0.5. Mita 200 chini kuna kona. Lori litafika konani na kasi gani?

Kasi ya pili ya nguvu ni 2 mara 0.5 mara 200, yaani 200. Kipeo chake ni kama 14. Kilomita 51 kwa saa, bila injini kuwaka, baada ya sekunde 28. Lakini msikimbilie mwisho, angalieni katikati. Baada ya sekunde 5 lori limesogea mita 6 na robo tu na kasi yake ni kilomita 9 kwa saa, mtu anakimbia taratibu anaandamana nalo. Baada ya sekunde 10, 18. Baada ya sekunde 20, 36. Hapo ndipo Dogo aliponyamaza, kisha akasema ndiyo maana watu hulikimbilia. Mwanzoni linaonekana kama kitu unachoweza kukizuia kwa kudandia mlango. Zile sekunde za mwanzo zinadanganya, na zinadanganya kwa sababu ile ile iliyofanya kikaratasi cha kwanza kiwe kwenye sentimita 12.

Igeuze video irudi nyuma, na kitu kinachoanza kutoka tuli kinakuwa kitu kinachofunga breki. Kanuni ni zile zile. Kitini hakina swali la breki hata moja, katika nchi ambayo kila mwanafunzi anavuka barabara mara mbili kwa siku! Chukua gari lenye breki nzima kwenye lami kavu, linapunguza kasi kwa mita 6 kwa sekunde kwa sekunde, na dereva anayechukua sekunde 1 kushtuka na kukanyaga. Kwenye kibao cha 50, linatembea kama mita 14 kabla hata hajakanyaga na 16 baada ya kukanyaga: jumla 30. Kwenye 80, ambayo ndiyo ruhusa ya juu ya basi la abiria, ni 22 na 41: mita 63. Kwenye 100 ni mita 92. Kasi imezidishwa mara 2 kutoka 50, umbali wa kusimama umezidi mara 3. Dereva wengi niliowahi kupanda nao wanahesabu kichwani kana kwamba ni mara 2. Wakikamatwa na tochi wanasema "nilizidisha kidogo tu".

Na kama unataka kumweleza mtoto 50 kwa saa ni kitu gani hasa kikikugonga, muulize: uanguke kutoka tuli umbali gani ili upate kasi hiyo? Ni karibu mita 10. Juu ya jengo la ghorofa. Hesabu hii ni mstari mmoja wa v² = 2as, na inafaa zaidi kuliko treni ya 432.

Kwa hiyo, kitini: kinunuliwe? Ndiyo, bei yake ni ya chai na maandazi, na mazoezi ya hesabu yanahitajika. Lakini mwalimu, usikifuate kwa mpangilio. Anza na tuli. Chora pembetatu kabla ya kufungua lile boksi la kanuni. Swali la 23 mpe mwanafunzi pamoja na jibu, kisha muulize jibu hilo lina kasoro gani. La 41 lifanye la mwisho wa muhula na mpe zawadi atakayeorodhesha sababu nyingi zaidi za kwa nini haliwezekani. Mimi nimefika nne, nasikia kuna dogo wa mtaa wa pili amefika sita.

Dogo bado hajasema atachagua nini. Bomba alibaki nalo. Juzi usiku akanitumia ujumbe: ameweka mpira mdogo wa plastiki, ule mwepesi wa mezani, badala ya gololi, na unachelewa kufika kwenye kopo, kila mara, kama nusu sekunde hivi. Kaka yake anasema ni upepo. Yeye anasema siyo, kwa sababu amefunga mlango na bado unachelewa. Pia anataka kujua kwa nini gololi ilitupa 0.2, wakati sentimita 6 kwa mita 2 ukiipiga na g inatoa 0.3. Mle ndani ya kitini jibu halimo, maana vyote vinavyosogea humo havibingiriki.

Nimemwambia kabla sijasema chochote ajaribu kwanza na limau.